Kikao cha Jumamosi

Hapo zamani, wala si zamani sana kwa kuwa wenyewe wangali hai, palikuwa na kiwanda cha kubangua korosho. Wanawake walikaa kwenye mabenchi wakibangua, mafuta ya maganda yakiwababua vidole.

Miongoni mwao alikuwa Nakunda, Mpare aliyeolewa huko kusini. Alikuwa Msabato, peke yake kiwanda kizima. Jua la Ijumaa likizama, hashiki kazi mpaka jua la Jumamosi lizame. Jirani yake wa benchi alikuwa Somoe, Mwislamu. Wakapatana: Jumamosi Somoe anabangua fungu la Nakunda. Mwezi wa Ramadhani, alasiri, Nakunda anabangua fungu la Somoe ili mwenzake awahi kupika futari.

"Shoga, wiki tumeigawana kama mkate," Somoe alimtania.

Wakamwambia msimamizi, Bwana Chilumba. Akasema, "Korosho zikitimia, mimi sina neno."

Korosho zikatimia, miaka na miaka. Kisha akaja meneja mpya. Akatangaza, "Jumamosi kila mtu benchini kwake!"

Nakunda akamwendea kumweleza. Hakumaliza.

"Mama, hiki ni kiwanda, si kanisa."

Jumamosi Nakunda hakuja. Meneja akataka kumfukuza, lakini sheria ya kazi inasema mtu asikilizwe kwanza. Haya, akaitisha kikao. Siku gani? Jumamosi! Jamani, wiki nzima ilikuwa imekwenda wapi?

Nakunda akamshika Somoe mkono. "Dada, kanisemee wewe. Eleza tulivyopatana."

"Wallahi nitasema."

Mlangoni Chilumba akamnong'oneza Somoe, "Ukitaja yale mapatano, tunafukuzwa sote watatu."

Somoe akaingia, akaulizwa, akainama. "Sijui kitu."

Chilumba akaulizwa. "Mimi sikumruhusu mtu."

Jumatatu Nakunda akafukuzwa getini, mtoto mgongoni, watu wote wakitazama.

Hakunyamaza. Alipeleka shauri kwa mwamuzi wa mambo ya kazi. Mwamuzi akawaita wote, akasikiliza mpaka habari ya mapatano ikajulikana, akasema, "Arudishwe kazini, na Jumamosi yake iheshimiwe."

Nakunda akasimama. "Nitarudi. Lakini nilifukuzwa getini mbele ya watu. Aliyenifukuza aje palepale, aniombe radhi mbele ya watu."

Meneja akaruka. "Mimi niliuliza, nikajibiwa uongo! Mwulizeni Chilumba."

Chilumba akafoka. "Mimi? Miaka yote hiyo nani alimfichia? Bila mimi angefukuzwa zamani. Aliyemwapia kwamba atamsemea ni Somoe."

Somoe akanyoosha mikono yake iliyobabuka. "Jumamosi zake zote nimembangulia kwa mikono hii! Nilitishwa, nami nina watoto kama yeye. Na wewe Nakunda, kwa nini hukuja mwenyewe? Kujitetea nako ni kubangua?"

"Ningevunja Jumamosi ili niitetee Jumamosi," akajibu Nakunda, "ningekuwa natetea nini?"

Wakatoka hivyo, kila mmoja akimsonta mwenzake.

Asubuhi yake geti la kiwanda likafunguliwa. Wafanyakazi wakajipanga huku na huku. Nakunda akasimama nje na mwanawe mgongoni, haingii. Ndani, meneja anamtazama Chilumba, Chilumba anamtazama Somoe, Somoe anatazama chini.

Msinitazame mimi msimulizi, nanyi mna vinywa. Je, nani alistahili kutangulia kwenda getini kumwomba radhi?