Mashine ya Kahawa ya Litumbi

Bei ya simu haivuki kizingiti. Mliisikia jana kwenye kikao cha harusi, mzee mmoja akimnyamazisha mtu aliyeanza kumshuku mwenzake, nanyi mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Mbinga, kwenye kijiji kiitwacho Litumbi, walikuwako wanawake kumi na wanne waliolima kahawa. Wengi wao walikuwa wajane. Kahawa mbivu ikishachumwa haina subira. Isipomenywa siku ileile inachacha, na ikichacha bei yake inaanguka. Mashine ya kumenya ilikuwa moja tu, ya tajiri wa ng'ambo ya mto, na mwenye mashine humenya yake kwanza. Basi wanawake wale wakaunda kikundi, wakachanga misimu miwili ili nao wapate yao.

Mwenyekiti alikuwa Kandida Kapinga, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, ambaye akisema jambo limekwisha, limekwisha. Katibu alikuwa Gaudensia, mwenye simu kubwa. Siku moja Gaudensia akawaonyesha picha ya mashine ya mkono, ya rangi ya kijani, iliyokuwa ikiuzwa na duka moja kubwa la Songea. Chini ya picha paliandikwa bei: laki nne na themanini. Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akajionea.

Wakamtuma Osmunda Ndunguru. Hawakuhitaji kujadiliana. Osmunda ndiye aliyewatunzia fedha tangu mwanzo na haikuwahi kupungua hata shilingi. Tena Kandida ndiye aliyemsimamia mwana wa kwanza wa Osmunda katika ubatizo. Walikuwa watu wa kuombana chumvi bila kubisha hodi. Akapewa laki sita na hamsini: anunue mashine, na kitakachobaki kiwe cha wavu wa kuanikia, magunia na nauli.

Siku ya pili Osmunda akarudi na mashine. Wavu hakuna, magunia hakuna. Akatoa risiti ya laki sita na kumi; kilichobaki kilikwenda kwenye nauli na kusafirisha mzigo.

"Bei ya dukani ni nyingine," alisema. "Nimebishana nao mpaka sauti imekauka. Nikawapigia simu, mkawa shambani, hakuna aliyepokea. Kahawa imeshaiva. Ningerudi mikono mitupu?"

Gaudensia akafungua simu yake. Duka lilelile, mashine ileile ya kijani, laki nne na themanini. Bei haikuwa imesogea. Akamkabidhi Kandida simu ile, na wanawake wote wakamgeukia mwenyekiti wao.

Kandida akaitazama simu, akaitazama risiti, kisha akamtazama rafiki yake. Risiti huandikwa na mtu, na mtu huweza kupatana na mtu. Simu ilikuwa mbali na mapatano yote.

"Osmunda," alisema, "simu haina sababu ya kutudanganya."

Osmunda alisimama kitambo kidogo, kama anayengoja mtu mwingine aseme jambo. Hakuna aliyemtetea. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Msimu ule mashine ilifanya kazi vizuri sana. Kila alasiri wanawake waliizungusha kwa zamu, na kahawa yao ikatoka safi. Ya Osmunda haikufika pale. Aliianika na maganda yake, akaiuza kwa nusu ya bei ya wenzake. Hakuna aliyemtukana. Ila alipofika kisimani mazungumzo yalikatika, yakaanza tena akishajitwisha ndoo. Alipofiwa na kaka yake, wanakikundi walikwenda, wakapika, wakaosha vyombo, wakaaga. Hakuna aliyeketi naye kwenye mkeka. Kandida naye akazoea kupita njia ya juu, ile ya kuzunguka, ili asipite mbele ya nyumba ile.

Mwaka ulipogeuka, kikundi kikawa na fedha ya mashine ya pili. "Safari hii nitakwenda mwenyewe," alisema Kandida. Wote wakaafiki. Simu ya Gaudensia ilisema laki tano na ishirini. Kwa tahadhari wakamwongezea, akapanda basi la asubuhi.

Duka alilikuta palepale kwenye barabara kuu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Kandida akamwonyesha mashine ya kijani iliyopangwa ukutani.

"Hiyo ni laki sita na arobaini, mama."

"Laki tano na ishirini," alisema Kandida. "Nimeiona kwenye simu. Duka ni hili hili."

"Duka ni hili hili," muuzaji alikubali. "Lakini ile ni ya wanaoagiza kwa simu. Unalipa hukohuko kwenye simu, mzigo unatoka Dar es Salaam."

"Basi niagizie. Mimi hapa nimesimama mbele yako."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Hawapeleki Mbinga. Hawaleti hata hapa Songea. Ni kwa watu wa miji mikubwa tu. Mama, bei ya simu inaishia hapo mlangoni. Mimi mwenyewe nimeajiriwa, sina uwezo wa kushusha hata senti."

Kandida akaupapasa mkoba wake. Katika mkoba alikuwa na fedha ya kutosha. Akinunua, atarudi Litumbi na risiti ya laki sita na arobaini, na Gaudensia atafungua simu.

"Umetoka Mbinga sehemu gani?" muuzaji akamuuliza.

"Litumbi."

Yule mama akavua miwani. "Mwaka jana alikuja mwenzenu mmoja wa huko. Mwembamba, mrefu. Aliketi pale kwenye ngazi tangu tulipofungua mpaka adhuhuri. Halafu akaja akaniomba nimwandikie barua, niseme kwamba bei ya hapa ndiyo hii. Nikamwambia siruhusiwi. Akalia. Alisema wenzake hawatamwamini."

Kandida akageuka, akaitazama ile ngazi.

"Nami nikamwambia, 'Mama, nenda tu nyumbani. Hao ni watu wako, wanakufahamu. Watakuamini.'" Akavaa miwani yake tena. "Eti, walimwamini?"

Kandida alifungua mkoba, akahesabu fedha juu ya meza, akaomba risiti.

Aliporudi kijijini aliiacha mashine dukani kwa mwenye basi, akashika njia ya chini, ile ambayo hakuipita mwaka mzima. Akamkuta Osmunda uani, ameinama, anatandaza kahawa yenye maganda juu ya turubai kuukuu.

"Nimetoka Songea," alisema Kandida.

Osmunda hakuinua kichwa. "Wamekuuzia kwa ngapi?"

"Laki sita na arobaini."

"Na simu inasemaje?"

"Tano na ishirini."

Mikono ya Osmunda ikasimama juu ya kahawa. "Sasa utawaambia nini wenzako?" aliuliza, na hapakuwa na kejeli katika sauti yake. "Maana mimi nimeyatafuta maneno hayo mwaka mzima, Kandida. Ukiyapata, nipe na mimi."

Kandida akapiga magoti palepale vumbini. Walikaa hivyo, mmoja kapiga magoti na mwingine kainama, mpaka Osmunda akasema, "Inuka. Watu wanapita njiani."

Kesho yake Kandida akawaita wote. Akaweka risiti juu ya meza, akamwambia Gaudensia afungue simu. Wanawake wakasoma huku, wakasoma na kule.

"Mkitaka kuniita mwizi, niiteni," alisema Kandida. "Ila itawabidi mtuite wawili. Bei ya simu haivuki kizingiti. Mimi nimekivuka cha duka lile, nimeona. Osmunda alikivuka kabla yangu, nasi tuliokaa huku ndio tuliomhukumu. Na wa kwanza kumhukumu ni mimi."

Siku hiyohiyo wakaibeba mashine mpya mpaka uani kwa Osmunda, wakammenyea kahawa yote aliyochuma asubuhi, na baada yake wakaketi naye kwenye mkeka kumlilia kaka yake, ingawa miezi ilikuwa imepita. Osmunda aliwapokea. Alisema amesamehe, na waliomjua wanasema alisamehe kweli. Lakini kutumwa na watu hakukubali tena. Hata aombwe kupeleka salamu tu, alisema, "Mtafuteni mwingine," mpaka siku alipofariki.

Ndiyo maana huko Litumbi, mtu akiketi kwake akaanza kumhesabia makosa aliyesafiri, wenzake hawamwachi aendelee. Humwambia: bei ya simu haivuki kizingiti.