Njia Aliyoicheza Mbogo

"Hadithi, hadithi!"

"Isogee!"

"Inakuja kwa magurudumu."

"Tunaipisha, ipite!"

Haya. Palikuwa na Bi Digidigi, miguu yake ya nyuma imepooza. Kiuno alikiweka juu ya kigari cha magurudumu mawili, miguu ya mbele ikavuta. Chemchemi ilikuwa ng'ambo ya msitu. Akiingia msituni, gurudumu kwaa! kwenye mzizi. Akijinasua, gurudumu didi! mchangani. Basi akawa anakunywa maji ya kuletewa, yale wenzake waliyobakiza.

"Si tukubebe tu?" wakasema majirani zake, Panya.

"Sibebwi! Mimi si kuni. Nataka kwenda mwenyewe, nirudi mwenyewe, na nikitaka nichelewe hukohuko!"

Akaenda kwa Mbogo, aliyejifanya mwenye msitu, akaomba apitishe njia ya kigari. Mbogo akacheka, hoo! hoo! "Njia ya nini? Asiye na miguu akae nyumbani!"

Bi Digidigi hakulia. Alikasirika, na hasira ikamzindua akili. Yeye na Panya wakaipitisha njia mbali na mizizi, wakamwaga kokoto za mtoni, juu yake udongo wa kichuguu, wakanyunyiza maji. Haikuwagharimu kitu ila jasho. Lakini udongo ulikuwa laini bado, na nani wa kuushindilia? Panya wote wakiruka pamoja hawaachi hata alama.

Sasa, kila mwenye nyumba anajua kwamba sakafu mpya huchezewa ngoma mpaka ikaze. Mbogo hakuwahi kuwa na nyumba. Alilala popote, akapaita pote pake.

Asubuhi Bi Digidigi akapaza sauti, "Leo ngoma! Atakayecheza njia nzima mpaka chemchemini, atalamba bonge la chumvi!"

Mbogo huyo, mbio. "Ondokeni! Nacheza peke yangu!"

Akacheza. Ndi! ndi! ndi!

"Tayari?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Hapo nyuma umeparuka."

Akarudi. Ndi! ndi! ndi!

"Tayari?"

"Bado. Ukingoni hujafika, nawe ndiye fundi wa ngoma!"

Ndi! ndi! ndi! mpaka jua likawa la utosi na ulimi wake ukaning'inia.

"Sasa tayari," akasema Bi Digidigi. Chumvi akapewa kweli, bonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Lamba! Limekwisha. Alipoinua kichwa, akaona magurudumu yanapita, krr, krr, krr, hadi chemchemini. Bi Digidigi akainama, akanywa maji baridi kwa mdomo wake mwenyewe. Akanywa taratibu, makusudi.

"Naivunja njia hii!" Mbogo akapiga kwato, ta! Njia haikutikisika. Kwato ndiyo iliyopasuka.

"Umeishindilia mwenyewe, Bwana Mkubwa. Mkono wako mzuri, haibomoki."

Hadithi imefika, naishusha hapa. Na funzo lake, wanangu, ni hili: asiye na miguu akae nyumbani. Mbogo ndiye aliyelitoa, na hulisema mpaka leo, kasimama pembeni, anachechemea, anapisha kigari kipite.