Wino Kwenye Dole la Maiti

Hapo zamani, na zamani yenyewe si mbali sana, mji wa Mwambakuu ulikuwa na muhuri mmoja tu. Kabla ya muhuri huo ahadi ziliishi midomoni mwa watu. Shahidi akifa, ahadi inazikwa naye, na walio hai wanabaki kutoana macho. Basi mji ukamkabidhi Mwalimu Burhani muhuri wa shaba, kwa sharti moja: asigonge hati mpaka amtazame usoni mwenye kutia dole, amuulize, "Ni kwa hiari yako?" na ajibiwe.

Sharti moja. Lishikeni hilo.

Mwaka mmoja kipindupindu kiliingia mjini, watu wakafa hadi sanda zikaadimika. Haji Vuai akaugua. Mkewe, Bi Mwanatumu, akatoka kutafuta dawa, na huku nyuma mgonjwa akakata roho. Chumbani walikuwamo wawili: Makame, ndugu wa marehemu, na Kombo, jirani aliyekuja kumjulia hali.

Makame hakulia. Alitoa karatasi ya kuhamisha nyumba iwe mali yake, akalipaka wino dole la nduguye likingali na joto, akalikandamiza. Kisha akamwambia Kombo, kwa upole wa kutisha:

"Tia sahihi ya ushahidi, jirani. Mwanao si hupita kichochoroni kwangu akienda chuoni?"

Kombo akatia.

Makame akashusha chandarua, akatuma Mwalimu Burhani aitwe. Mwalimu akaja, akasikia harufu, akagandia kizingitini, leso puani.

"Haji Vuai, ni kwa hiari yako?"

Nyuma ya chandarua, alikoinama Makame, sauti ikakoroma: "Kwa hiari."

Mwalimu hakuvuka kizingiti. Aligonga muhuri palepale mlangoni, akaondoka mbio.

Bi Mwanatumu alirudi na dawa mkononi, akakuta kilio.

Mzee Faki, mwosha maiti, aliuona wino. Akausugua, haukutoka. Akaufunika kwa sanda na kunyamaza, maana kanuni ya mwosha ni kwamba la mwilini mwa maiti halitoki nje.

Eda haijaisha, Makame kauza nyumba na kutoroka. Mnunuzi, asiye na kosa, aliuamini muhuri. Akabomoa kuta ajenge duka. Hapo ndipo Mzee Faki, aliyekuwa kila akinawa analiona lile dole, alipokwenda kwa kadhi kusema.

Kadhi akawaita Mwalimu, Kombo, Mzee Faki na mjane. "Ukuta ulioanguka siwezi kuusimamisha," alisema. "Lakini mmoja wenu atatoka nyumbani kwake, mama huyu na wanawe waingie."

Mwalimu Burhani akawahi kujitetea. "Niliogopa ugonjwa! Na niliuliza, nikajibiwa. Aliyejua ni Kombo."

Kombo akalia. "Nilimwogopa Makame. Sahihi yangu bila muhuri ni mchoro tu. Mwalimu angepiga hatua moja ndani, angeniona nilivyokauka, tungepona sote."

Mzee Faki akasema, "Mimi nilimwogopa Mungu. Siri ya maiti ni amana. Na ni nani aliyesema, kama si mimi?"

"Umesema, babu," Bi Mwanatumu akamjibu. "Umesema nyumba ikiwa vumbi."

Akatokea mtu pembeni, hakosekani mtu huyo: "Na wewe mama, ulimwachaje mgonjwa na Makame?"

"Nilimwacha na nduguye, baba. Ulitaka nimwache na nani?"

Yule akarudi pembeni kwake. Afadhali.

Basi Bi Mwanatumu ameketi barazani kwa kadhi, wanawe wamelalia furushi la nguo. Milango mitatu imekomewa, na nyuma ya kila mlango yupo mtu anayesikiliza hatua zinazokuja. Mmoja aliogopa ugonjwa, mmoja aliogopa mtu, mmoja alimwogopa Mungu. Wala msinijibu "wote watatu" mkajiona mmetenda haki. Mama anahitaji nyumba moja, na jua linazama.

Je, mlango wa nani ubishwe?