Mistari Miwili ya Bi Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Ndiyo sauti hiyo? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wakulima. Walilima kwa ujima, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mtu na mstari wake. Ko! Ko! Ko! Jua likifika utosini, chakula kinapakuliwa. Lakini kabla hujatia mkono kwenye sinia, mpakuaji anakipapasa kiganja chako. Kina sugu? Karibu, kula. Ni laini? Rudi nyuma, mwenzetu. Ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyebisha.

Hapo aliishi Makame, na mama yake Bi Sikudhani, na binti yake Mboza. Mboza na zeze, zeze na Mboza. Nze, nze, nze, kutwa! Siku alipokabidhiwa jembe, alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza chini.

"Baba, niwie radhi. Mimi nataka zeze ndiyo iwe kazi yangu."

Makame aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Zeze linaliwa? Kesho usiposhika mstari, nalivunja nalitia jikoni!"

Jamani, Makame hakuwa mbaya. Aliogopa. Aliiona ile mikono laini ikizuiwa kwenye sinia msimu baada ya msimu, yeye akishakufa.

Bi Sikudhani alikuwa anachambua kunde. Akajifuta mikono, akaliokota jembe.

"Mstari wa Mboza nalima mimi."

"Mama! Na wako?"

"Na wangu." Akamgeukia mjukuu. "Na wewe, mke mwenzangu, usidhani nimekupa mapumziko. Jembe langu likianza, na zeze lianze. Nikiinua mgongo, ndipo upumzike."

Makame akajisemea moyoni: siku tatu tu, atachoka.

Siku ya tatu, mistari miwili. Mwezi, mistari miwili. Ko! Nze! Ko! Nze! Msimu ukaisha, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Bibi kizee, mgongo umepinda kama mundu, anakwenda na mstari huu anarudi na ule. Pembeni mwa shamba Mboza anapiga, anakosea, anarudia. Vidole vinachubuka, anarudia. Fungu la chakula la mstari wa pili bibi anampa yeye. Makame akawa hawezi kumtazama mama yake machoni.

Msimu wa nne ardhi ilikuwa kavu, ngumu ajabu. Katikati ya mstari wa pili jembe likamponyoka bibi. Puu! Akakaa chini. Zeze likanyamaza.

"Nani kakwambia unyamaze?" bibi akafoka. "Mgongo ni wangu, si wako. Piga!"

Mboza akapiga. Lo! Akapiga kitu ambacho sikio la mtu halijapata kukisikia. Vinyweleo vikawasimama watu wazima. Jembe moja likapanda, likashuka pamoja na uzi wa zeze. Ko-nze! La pili likafuata. Ko-nze! Yakawa arobaini, yanashuka kwa mshindo mmoja, na ardhi ile inapasuka yenyewe. Shamba la siku mbili likaisha kabla ya adhuhuri. Makame alipogutuka, mstari aliokuwa anaulima haukuwa wake. Ulikuwa wa Mboza.

Siku hiyo bibi hakuumaliza mstari wa pili, hivyo hakuwa na fungu la kumpa Mboza; Mboza akasogea mwenyewe mbele ya sinia. Mpakuaji akakipapasa kiganja. Laini.

Makame akaja, akaushika mkono wa kushoto wa bintiye, akazielekeza ncha za vidole juu. "Papasa hapa."

Mpakuaji akapapasa, akashtuka. Sugu! Ngumu kuliko za mkulima yeyote.

Makame akalia mbele za watu, wala hakujificha. "Nisamehe, mama. Miaka yote hii napapasa pasipo pake."

"Kaa ule," bibi akamwambia. "Chakula kinapoa."

Mboza akawa mpiga zeze, akaitwa vijiji vya mbali, akala kwa uzi wake. Bi Sikudhani tulimzika zamani. Lakini mpaka leo, ujima ukianza, mstari mmoja huachwa bila mwenyewe. Unaitwa wa Bi Sikudhani. Kila mtu huupiga jembe moja, na fungu lake hupewa mtoto ambaye kazi yake bado haijaonekana.

Basi nyie wenye watoto, kabla hamjalivunja zeze, papaseni vidole. Hadithi yangu imefika mwisho wa mstari. Naweka jembe chini.