Mafuta ya Mtu Mchangamfu

Ndugu zangu, na nyinyi mama zetu wa upande ule wa pazia, nisogezeeni masikio. Leo nina mfano wa wanawake wawili. Kwa majina siwataji kwa sababu hawapo, nimewatunga mwenyewe. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaanza kuuliza, "Ustadhi alikuwa anamsema nani?" Ukijiona humo ndani, usinitazame mimi. Leta istighfari.

Kulikuwa na mama mmoja fundi cherehani, na alikuwa na shoga yake wa tangu chuoni walikosoma juzuu pamoja. Shoga huyo alikuwa mtu wa kucheka. Zamani hakuwa na habari na manukato, lakini mwaka mmoja akaanza kununua mafuta mazuri ya chungwa. Si maua ya mchungwa, la! Ni lile ganda lenyewe, unapolimenya likakurukia machoni. Na muuza mafuta wa sokoni ana maneno yake ya kuuzia: udi ni wa mtu mzito, mwenye heshima zake, waridi ni la mwenye mapenzi, na chungwa je? "Chungwa ni la mtu mchangamfu, asiyeweka jambo moyoni."

Basi wanawake wa mtaani wakalidaka neno hilo. Akiingia kwenye vikao vyao, harufu imeshamtangulia, nao wanapiga kelele, "Haya, mchangamfu kafika!" Na kweli, aliwachekesha, akawaoshea vyombo, akawabembeleza wenye kulia. Sasa niambieni, nani atamwuliza mtu wa namna hiyo, "Mwenzetu, una nini?"

Siku moja akaenda kwa fundi ashonewe sare ya harusi. Fundi akachukua futi ampime. Shoga akarudi nyuma.

"Usinipime, shoga. Shona kwa macho tu. Ila kifuani niachie nafasi."

"Ala! Leo unanionea haya mimi? Au umenenepa, hutaki nijue?"

Wakacheka wote wawili. Kisha yule shoga akakaa, kicheko kikamwisha, akasema taratibu, "Shoga, nina jambo nataka nikwambie."

Mmesikia? Mtu amefika mwenyewe, amekaa, amesema ana jambo. Fundi akafanya nini?

"Wewe na jambo wapi na wapi! Unavyonukia hivyo, mtu mchangamfu! Mwenye jambo ni mimi. Hebu sikia mume wangu alichonifanyia jana."

Akasimulia mpaka adhana ya magharibi. Na mwenzake akamsikiliza, akampa pole, akamfuta machozi, akamchekesha. Wakaagana. Fundi akalala usingizi mzuri, moyo umetulia. Lile jambo la mwenzake hakulikumbuka tena, wala siku zilizofuata hakuliuliza.

Sare ikashonwa, lakini haikuvaliwa. Kabla ya harusi kufika, yule shoga alianguka uani kwake, na hakuamka tena. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Fundi alilia mpaka sauti ikakauka. Akasema, "Nitamwosha mimi. Hakuna anayemjua kama mimi." Maskini, alitaka kitu kimoja tu, amsindikize rafiki yake vile alivyokuwa. Akakitafuta kile kichupa cha chungwa chumbani kwa marehemu, akakiweka pembeni ya kafuri ya maiti.

Mwosha maiti hasimulii alichokiona, mnajua. Lakini huu ni mfano, nivumilieni. Yeye na waoshaji wenzake walipofika kifuani, chini ya shuka, mkono wa fundi ukagusa vitambaa vilivyofungwa na kufungwa tena. Akavifungua. Titi zima lilikuwa kidonda, tena kidonda cha muda mrefu. Kata ikamponyoka mkononi, na wenzake ndio waliomalizia kumimina maji.

Ulipofika wakati wa sanda, fundi akasema, "Nipeni mafuta yake. Aende ananukia anavyopenda."

Binti wa marehemu akamshika mkono. "Mama mdogo, hayo usimtie."

"Kwa nini, mwanangu? Si ndiyo mafuta yake?"

"Alikuwa anayachukia. Yalikuwa yanamtia kichefuchefu. Aliyapaka kwa sababu ni makali, yanafunika harufu ya kidonda. Nilimwomba amwambie mtu tumpeleke hospitali, angalau akwambie wewe. Akanijibu, 'Nilikwenda, mwanangu. Nikamkuta ana shida zake.'"

Ndugu zangu, fundi akakisukuma kando kile kichupa. Mimi niliyemtunga nimemtafutia la kujitetea, nimelikosa.

Na sisi je? Tunamaliza swala, tunapeana mikono. "Hujambo?" "Sijambo, alhamdulillahi." Na kabla hajamaliza kutamka, macho yetu yameshafika kwa mwingine. Tumegawana watu humu mtaani. Huyu ni wa kulia, tumpelekee pole. Yule ni wa kucheka, tumpelekee mizigo yetu. Wa kucheka naye akilemewa aende kwa nani? Pengine yule mama angetibiwa akapona. Pengine siku yake ilikuwa imefika, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kidonda kile asingekifunga peke yake, huku ana marafiki mtaa mzima. Inauma, wallahi inauma, kwa sababu hakuna aliyemchukia. Walimpenda wote, ila walimpenda bila kumwuliza.

Msiniambie hamna nafasi. Kusikiliza hakuhitaji elimu wala mali. Funga mdomo wako, mwenzako aseme.

Haya, inukeni. Na kabla hujavaa viatu hapo mlangoni, mtafute yule anayekuchekesha kila Ijumaa. Mshike mkono, mwulize hali yake. Akikwambia hajambo, usiuachie mkono wake upesi.