Kisu Kilicholala Shingoni mwa Nakijwa

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kusema na watu, ni zamani ya juzijuzi, simu zimeshapanda mlimani kwetu Upare, alikuwepo mwanamke wa ukoo wetu akiitwa Nakijwa. Nakijwa alikuwa mwimbaji. Harusi asiyoimba Nakijwa, watu walikula wakaondoka kimya kama wametoka msibani.

Na kwetu wimbo wa kumtoa bi harusi una sharti lake. Ukianzishwa tu, kila mtu anasimama alivyo. Mwenye ndoo kichwani, asimame nayo. Mwenye mwiko, mwiko ubaki juu. Mnasubiri mwimbaji ataje jina la anayeshukuriwa siku hiyo, jina moja, si mawili. Likitajwa, ndipo mnaitikia na kutembea.

Basi Nakijwa akaota rovu shingoni. Likakua, likakua, likawa kama parachichi. Pumzi akawa anaivuta kwa shida. Na harusi ya binti yake Eliwaza imebaki miezi minne. Akashuka hospitali, Daktari Mbonea akamwambia, "Mama, hili tunalitoa. Ila pembeni yake unapita uzi mdogo mweupe, ndio wenye sauti yako. Ukiungua ule, kupumua utapumua, kuimba basi."

Nakijwa akasema, "Mwanangu, we toa. Nikiamka na sauti yangu, aliyeiokoa ndiye nitakayemtaja kwenye harusi ya Eliwaza."

Sasa, kisu cha kutolea rovu si kama hiki changu cha mchicha. Kinatetemeka upesi mno, jicho halioni, na kule kutetemeka ndiko kunakokata nyama na kuziba damu papo hapo. Lakini kinapata moto. Daktari akisimama kidogo kuangalia, kidole kikasahaulika kwenye kitufe, kisu kinaendelea kuunguza palepale kilipogusa.

Pale hospitali alikuwepo Fundi Senkoro, mtunza mitambo, zamani alikuwa fundi simu sokoni. Akawaza, mbona simu ukiinyanyua inawaka, ukiilaza inazima? Akakitia kisu kidude kinachojua mkono unatembea au umetulia. Mkono ukitembea, kisu kinafanya kazi. Mkono ukisimama, kisu kinalala, hata kama kidole kimebonyeza.

Daktari hakukipenda. "Fundi, kisu chako kivivu. Nikipunguza mwendo kidogo, kinasinzia."

"Kinasinzia ukisinzia wewe," Senkoro akamjibu.

Siku ikafika. Nakijwa kalazwa, kapewa dawa ya usingizi, hajui la mbele wala la nyuma. Daktari anakata, kwa kisu kilekile cha Senkoro. Pembeni yupo Sista Foibe, muuguzi, anampa vifaa. Mkono unatembea, kisu kinafanya kazi. Rovu limebaki kidogo tu litoke. Foibe alivyoliona linaachia, furaha ikampanda, na bila kujijua akaanzisha kwa pua wimbo wa kumtoa bi harusi.

Na Daktari Mbonea ni mtoto wa mlima huuhuu. Mkono wake ukaganda. Kidole kimebaki kwenye kitufe, kimebonyeza. Mkono umesimama, kisu kikalala. Daktari kasimama anasubiri jina litajwe, ndivyo alivyolelewa, na katika kusubiri macho yakashuka. Akaona. Ncha ya kisu imelala juu ya uzi mweupe.

"Foibe," akasema polepole, "tafadhali, usitaje jina la mtu."

Akakitoa kisu kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni asimwamshe. Uzi mzima.

Nakijwa alipoamka akauliza, "Uji uko wapi?" Akajisikia. Akauliza tena, hana hata njaa, anaisikiliza sauti yake tu.

Siku ya harusi wote watatu wakaalikwa, na ugomvi ukaanzia kwenye sahani, jikoni nyuma.

Senkoro akasema, "Daktari alisimamisha mkono, kidole je? Kilikuwa kwenye kitufe. Kisu cha zamani kingeshaubanika uzi. Jina ni langu."

Daktari akasema, "Kisu chako kinalala mkono ukisimama. Nani aliusimamisha? Na nani aliuona uzi? Wangapi wangesimama wasione kitu? Jina ni langu."

Foibe akacheka. "Mkono ulikuwa unatembea, kisu kiko macho, vyote viwili vinaelekea kwenye uzi. Aliyevisimamisha ni nani? Jina ni langu."

"Wewe wimbo ulikutoroka tu," Daktari akasema.

"Na wewe ulisimama kwa mazoea ya mama yako. Ulijua kuna uzi pale?" Akamgeukia fundi. "Halafu huyu, siku hiyo alikuwa wapi? Chini, anakunywa chai."

"Nilikuwa nakunywa chai," Senkoro akasema, "na kazi yangu inafanyika. Hapo ndipo umjue fundi."

Wifi yake Nakijwa akadakia, "Si awataje wote?"

Shangazi wakamzomea. "Jina ni moja. Akitaja matatu, sisi tuitikie lipi?"

Mara Nakijwa, aliyekuwa akiyasikia yote toka chumbani, akatoka amemshika Eliwaza mkono, akafungua kinywa. Jamani, sauti ile. Ilikuwa imekaa, imeiva, inafika mpaka bonde la pili. Kila mtu akasimama alivyo. Daktari na paja la kuku karibu na mdomo. Senkoro mguu mmoja ndani, mmoja nje. Foibe sahani imeinama, mchuzi unadondoka kiatuni.

Nakijwa akafika penye jina. Akamwangalia huyu, akamwangalia yule, akamwangalia na yule. Akarudia mstari wa nyuma. Akafika tena penye jina, akarudia tena. Bi harusi viatu vinambana. Mwenye mwiko hawezi kuushusha, na pilau lishaanza kunuka moshi chini.

Wako vilevile, wameganda, wanasubiri. Haya, nyie mlioketi hapa mnanitazama, msaidieni mama wa watu, pilau linaungua. Fundi, daktari, au muuguzi? Je, nani alistahili kutajwa?