Kofia Juu ya Lenzi

Mtu mmoja alikuwa na binti mmoja na shaka zisizo na idadi. Aliitwa Mloka, mkulima wa mpunga katika kijiji kilichojengwa kandokando ya mfereji mkubwa wa umwagiliaji, na binti yake aliitwa Asteria, msichana wa miaka kumi na sita. Mfereji ule ulikata kijiji katikati. Ulipofika kwenye barabara kuu uliingia ndani ya bomba pana la zege, ukapita chini kwa chini, ukatokea ng'ambo ya pili kuelekea mashamba ya bondeni. Watu wazima walipita juu ya bomba lile kila siku, kwenda shamba, kwenda kanisani, kwenda kuzika, wala hakuna aliyewahi kuinama kulitazama.

Mloka alimwekea binti yake jicho. Alikuwa amegundua kwamba siku nyingine Asteria hurudi nyumbani nywele zimelowa na kucha zimejaa tope, na akiulizwa husema alikwenda kuchota maji. Maji gani ya kuchota bila ndoo? Lakini Mloka hakumbana kwa swali hilo. Aliona afadhali apeleleze kimyakimya, maana mtu akishanogewa na kushuku huona swali la wazi litamharibia kazi. Akanusa nguo zake. Akapekua madaftari yake. Stendi palikuwa na nyumba mbili za wageni, naye akaanza kupita mbele ya zote mbili kila alasiri, akijifanya ana safari.

Ndipo ikaja habari ya filamu. Pelagia, binti wa pale pale kijijini ambaye kazi yake ilikuwa kurekodi harusi na kipaimara, alikuwa ametengeneza filamu juu ya vijana wa kijiji na utundu wao. Kamera ilikuwa ile ile ya harusi, taa aliiazima, na waigizaji aliwalipa soda na maandazi. Hata haijaonyeshwa, ilikuwa imekwisha chafuka jina. Mmoja alisema amesikia ina pombe ndani. Wa pili akasema ina pombe na bangi. Ilipomfikia Mloka ilikuwa na mambo asiyoweza kuyataja mbele ya mkewe. Hapo akafarijika, na nalisema hili kwa masikitiko. Alifarijika kweli, kwa sababu sasa shaka zake zilipata mtu wa kubebeshwa.

Pelagia aliwaomba wazazi waitazame wao kwanza, watu wazima peke yao, kisha waamue. Jumamosi mchana ukumbi wa wakulima ukazibwa madirisha kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ikawekwa juu ya meza. Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Mtu haketi na mama mkwe wake mbele ya jambo la aibu. Ukumbi ulikuwa mmoja tu na wakwe walikuwa wamejaa tele. Mama mkwe wa Mloka mwenyewe aliketi mstari wa pili. Kwa hiyo kila ilipoonyeshwa filamu pale, mtu mmoja wa kuaminika alikaa kando ya projekta, kofia mkononi, na likija la aibu aliifunika lenzi mpaka lipite. Siku ile kazi hiyo alipewa Mloka. Nani mwingine angeifanya kwa bidii kama yake?

Mwanzoni vijana walionekana wakitoroka shule, wakipokezana sigara, wakiigiza jinsi baba zao wanavyofoka. Ukumbi ukanung'unika. Kisha wasichana watatu na wavulana wawili wakafika mahali penye nyasi ndefu, wakatazamana, na msichana mmoja akaanza kuvua sketi.

Mloka akafunika. Shuka likawa jeusi, lakini sauti ziliendelea: vicheko, kuhema, mtu akihesabu moja hadi kumi, filimbi ikilia mbali, halafu ukelele. Kila mzazi mle gizani akajichorea picha yake, na hakuna aliyejichorea picha njema. Pelagia alisimama nyuma ya ukumbi akaomba, "Baba Asteria, toa kofia, tafadhali. Hapa ndipo penyewe." Mloka akazidi kukandamiza. Alipokuja kuitoa, yalikuwa mazishi: jeneza linashushwa, mama anashikiliwa asijitupe kaburini. Watu wakatoka wakiwa na hakika kwamba wameonyeshwa uasherati na malipo yake.

Hata kabla hawajatawanyika waliamua. Filamu isionyeshwe tena. Pelagia asiitwe kwenye harusi yoyote. Na kijana atakayeitaja filamu ile, kwa wema au kwa ubaya, achapwe viboko kumi. Viboko hivyo vilikuwa pendekezo la Mloka.

Siku ya tano Asteria alitoka asubuhi, asirudi. Saa sita mchana ilipogonga, Mloka hakujiuliza yuko wapi. Alijiuliza yuko na nani. Akavuka barabara mbio, huku akiita jina lake, akaenda kwenye nyumba za wageni, akagonga milango, akafungua hata wa mtu aliyelala mgonjwa. Hayupo. Akavuka tena kurudi sokoni, bado anaita, akawashika rafiki wawili wa Asteria ambao walikuwa wanatetemeka wakati jua linawaka.

"Mwenzenu yuko kwa mwanamume gani?" aliwauliza.

Kwa swali hilo hawakuwa na jibu. Jibu walilokuwa nalo lilikuwa ndani ya filamu, na filamu ilikuwa na viboko kumi. Wakainamisha vichwa. Mloka akasoma katika vichwa vile kila alichotaka kukisoma, akavuka barabara mara ya tatu, kwenda kwa Pelagia, akiwa ameshaamua kwamba huko ndiko anakofichwa.

Pelagia alikuwa anafua. Alimwacha atukane mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akamwuliza kama mfereji umefunguliwa leo. Mloka akajibu kwa hasira kwamba umefunguliwa tangu saa nne, filimbi ilipigwa kama kawaida, na mfereji unahusu nini hapa? Nguo ikamponyoka Pelagia ikaanguka topeni.

"Baba, pale ulipofunika walikuwa wanaingia kwenye bomba la chini ya barabara. Wanavua ili wasirudi na nguo zilizolowa. Filimbi ikilia wanaingia, waone nani ataogopa maji akatoka wa kwanza."

Mloka alikimbia, na umri wake ukakimbia naye. Alimkuta mwangalizi wa maji langoni, wakalizungusha gurudumu wote wawili mpaka mfereji ukafungwa. Kisha ikabidi kungoja, kwa kuwa maji hayana haraka na mtu. Mloka, ambaye hata kanisani aliomba kimoyomoyo, aliomba kwa sauti mbele ya kila mtu na hakuona haya. Maji yalipopungua, wanaume wakaingia na kamba. Katikati ya bomba, zege la juu lilikuwa limebomoka na kuacha shimo kwenye udongo. Humo Asteria alikuwa amesimama, mguu umenaswa kwenye nondo, uso ameuelekeza juu alikokuwa akitafuta hewa. Alikuwa hai. Mguu ule haujapona sawasawa mpaka leo.

Walimlaza barabarani, mama yake akamfunika kanga mbili. Mloka akapiga magoti kando yake, akamwuliza kwa nini hakupiga kelele, ilhali yeye baba yake alikuwa akimtafuta kijiji kizima.

"Nilipiga, Baba. Nilikusikia ukipita juu yangu mara tatu, unaniita, na mara zote tatu nikakuitika. Wewe ulikuwa na haraka."



Nanyi wazazi mnaonisikiliza, mlipokuwa mkija hapa leo, mmepita juu ya nani?